Keja ya Mtandaoni

Mwaka jana nilifungiwa mlango mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Mara ya kwanza, keretaka wa ploti yetu aliweka kufuli lake juu ya langu kwa kodi iliyochelewa siku kumi. Mara ya pili sikuona kufuli wala keretaka. Niliwasha laptopu, nikafungua programu ninayoandikia kazi, nikakuta ujumbe: malipo yako hayajapita. Makala 11 za wateja zilikuwa humo ndani. Nilikuwa naona vichwa tu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba moja ya makala hizo ilikuwa inasifu biashara hiyo hiyo. Niliacha chuo mwaka wa pili, na kinachonilisha ni kuziandikia kampuni za programu. "Mbona ununue wakati unaweza kukodi?" Hayo ni maneno yangu, na nililipwa kuyaandika.

Nikiichimba makala hiyo ndipo nilipokutana na hadithi ya Marc Benioff. Jamaa alifanya kazi Oracle miaka 13, akatoka, na mwaka 1999 akaanzisha Salesforce huko San Francisco. Enzi hizo kampuni ikitaka programu ya kufuatilia mauzo inalipa mamilioni, inanunua seva, inaajiri watu wa kuifunga. Soko hilo lilikuwa la Siebel. Benioff akaja na lugha ya ploti: lipa kila mwezi, tumia kwa intaneti, mengine niachie. Mwaka 2000, Siebel ikiwa kwenye mkutano na wateja wake, Salesforce ilikodi waigizaji wakaandamana nje na mabango ya kutangaza mwisho wa programu. Maandamano feki, na yaliingia kwenye habari.

Na Larry Ellison, bosi wa Oracle? Aliweka pesa zake Salesforce, akaweka pia NetSuite, kampuni nyingine ya kukodisha. Baadaye Oracle yenyewe ikanunua Siebel kwa takriban dola bilioni 5.8, kisha mwaka 2016 ikanunua NetSuite kwa bilioni 9.3. Malandilodi wanapigana, halafu wanauziana ploti na wapangaji wakiwa ndani.

Sisemi kukodi ni kubaya. Singekuwa na pesa ya kununua programu kwa mkupuo, kwa hivyo bila kodi ya mwezi singeandika hata makala moja. Shida ni siku ya kuhama. Kwa ploti, hata ukifukuzwa, unaita mkokoteni na godoro lako unaondoka nalo. Huku mtandaoni, godoro linabaki ndani.

Nilikopa kwa simu, nikalipa dola 12, nikapakua kila kitu kwenye flashi. Kisha nikarudi kwa ile makala ya sifa nikaongeza sentensi moja: kabla hujaingia, uliza utatoka vipi na vitu vyako.

Mteja alilipa kwa wakati. Ile sentensi aliifuta.