Feni Inazunguka, Skrini Giza

Stima ilirudi Umoja saa nne usiku, nikawasha laptopu. Taa ikawaka, feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi ti. Hata nembo haikutokea. Nikazima, nikawasha. Vile vile.

Ndani mlikuwa na sauti ya mama: saa tatu za mazungumzo niliyomrekodi kabla hajafariki, akisimulia alivyofika Jericho akiwa bibi arusi. Sikuwa nimeyaweka kwingine. Najua, najua.

Jirani akasema ni virusi. Mtaani kila kitu ni virusi. Lakini virusi hukaa kwa diski, na hii mashine haikuwa imefika huko.

Asubuhi nikampelekea fundi mmoja pale Mutindwa, kibanda chenye upana wa mlango. Akachomoa betri, akafinya kitufe cha kuwasha kama nusu dakika, umeme uliobaki uishe. Kisha akafungua chini, akatoa kipande cha memori, akaazima raba kwa mtoto aliyekuwa akienda shule. Raba ya kufuta penseli! Akasugua yale meno ya dhahabu polepole, akapuliza vumbi, akairudisha mpaka ikalia *tik*.

“Usijali sista. Hata ikikataa, diski tunaitoa, tunaisoma kwa mashine ingine.”

Hayo ndiyo niliyolipia. Skrini iliwaka, mia tano. Nikanunua flashi kibanda cha pili, nikakalia kreti ya soda nikinakili. Nikafungua faili ya kwanza kuhakikisha. Mama alikuwa anakohoa, akiniambia nizime hiyo kitu kwanza anywe chai.