Watu wa barabara wanaponunua parseli Kiwanja

Mwezi huu twende pamoja Kiwanja, katika teritwari ya Rutshuru, Kivu ya Kaskazini. Jina lake halina haja ya kufasiriwa. Kiwanja ni mahali pa kujenga, ni mahali pa kucheza mpira, ni mahali ndege inapotua. Na hapo Kiwanja wako watu wengi waliotua kwa usiku mmoja tu, na leo wana parseli yao.

Toka Goma unapanda kaskazini kwa barabara ya taifa namba 2, kilomita 70 na zaidi kidogo. Mkono wa kushoto ni Nyiragongo, mlima wa moto ambao lava yake ilikata barabara hii Mei 2021. Mkono wa kuume ni Mikeno. Unapita Kibumba, Rugari na Rumangabo, kisha Rubare na Rutshuru. Mbele kidogo ndipo Kiwanja. Mawe meusi ya Goma umeyaacha nyuma. Hapa ni udongo wa kulima: mahindi, maharagwe, ndizi. Sehemu kubwa ya chakula cha soko la Goma kinatoka huku.

Utaniuliza: kwa nini kamyo zinasimama hapa na si pengine? Ni kwa sababu barabara inagawanyika. Moja inakwenda Nyamilima mpaka Ishasha, kwenye mpaka wa Uganda. Nyingine inaingia ndani ya Parke ya Virunga, inapita Mabenga na Rwindi, inapanda Kanyabayonga, na kuendelea mpaka Butembo. Kipande kile cha Parke kimejulikana miaka mingi kwa watu wanaovizia magari, na mara nyingi magari yalingojana Kiwanja ili yapite pamoja, yakisindikizwa na askari. Ukichelewa, unalala. Shoferi anatandika ndani ya kamyo, konvoyeri juu ya mizigo. Mama anayepika kando ya barabara anakukopesha sahani ya maharagwe. Mara ya kwanza anakuita mgeni. Mara ya ishirini anakuita kwa jina, na kuuliza mtoto wako amepona.

Shoferi mmoja alinieleza hivi: "Pasta, nyumba yangu ni kamyo. Batoto banasoma Butembo, mama yao anauzisha Goma, na miye nalalaka Kiwanja kupita fasi ingine yote. Sasa kwetu ni wapi?" Haukupita mwaka akanunua parseli ndogo, mita 15 kwa 20.

Jambo hili si la Kongo peke yake. Marekani wako watu, wengi wao wazee waliostaafu, waliouzisha nyumba zao na kuishi mwaka mzima katika gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo. Wanalala katika kambi za magari na kufuata jua: baridi ikija, wanashuka Florida ao Arizona. Miaka ikipita, wengine wananunua kipande kidogo ndani ya kambi ile waliyoipenda kuliko zote. Wao wanasafiri kwa kupenda, shoferi wetu anasafiri kwa kutafuta mkate. Lakini hamu ni moja. Hawatafuti shamba kubwa. Wanatafuta jirani atakayesema: "Umekawia, tulikuwa na wasiwasi juu yako."

Ninyi mnaoishi kwenye migodi mnaelewa. Mchimbaji anahama toka shimo hili kwenda lile. Anayekaa katika nyumba ya kampuni, siku kazi ikiisha anarudisha ufunguo.

Lakini tusidanganyane, Kiwanja si mahali pa starehe. Tarehe 4 na 5 Novemba 2008, katika vita vya CNDP, watu 150 hivi waliuawa hapa, kambi ya MONUC ikiwa karibu. Julai 2012 M23 iliingia, ikaondolewa Oktoba 2013, ikaingia tena mwisho wa Oktoba 2022. Kila mara watu walikimbia na godoro kichwani. Na mwenye kurudi aweza kukuta nini? Mabati yameng'olewa, hilo ni dogo. Kubwa ni kukuta mtu mwingine amepanda maharagwe katika parseli yako, naye ana karatasi mkononi kama wewe.

Hapo ndipo wengi wanashangaa. Sheria yetu ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Raia hapewi udongo wenyewe, anapewa haki ya kuukalia. Kwa Mkongomani haki hiyo yaweza kuwa ya daima. Na haki hiyo inathibitishwa na hati moja tu, ile tunayoita sertifika, inayotolewa na konservateri. Karatasi ya mauzo mliyoandikiana na mwenye kuuzisha, hata ikiwa na muhuri wa shefu, ni mwanzo wa njia, si mwisho. Sertifika ikishapita miaka miwili bila kushitakiwa, ni vigumu sana mtu kuipinga.

Watu wengi wanaishia kwenye karatasi ile ya kwanza, kwa maana sertifika inataka makuta na safari nyingi za biro. Basi siku ya ugomvi mtu wa barabara atasimama na nini? Atasimama na majirani. Wao ndio watakaosema: "Huyu tunamujua, alinunua kwa fulani, tulikuwapo."

Abrahamu aliishi katika hema, naye alikuwa mgeni Hebroni. Alipohitaji mahali pa kumzika Sara, watu walitaka kumpa bure. Alikataa. Alipima fedha shekeli 400 mbele ya watu wote mlangoni pa mji, na shamba likatajwa pamoja na pango na miti yake mpaka kwenye mipaka. Someni Mwanzo 23. Msafiri yule alijua kwamba mgeni hana ndugu wa kumtetea kesho, kwa hiyo alinunua peupe.

Nasi tufanye hivyo. Usinunue usiku, usinunue kwa kumwamini komisioneri peke yake. Lala kwanza mahali pale mara nyingi, mvua inyeshe ukiwa hapo, uone maji yanapita wapi. Uliza majirani wa pande zote nne kabla ya kutoa franga, na mwite shefu wa avenyu. Pimeni pamoja, tieni mawe ya mipaka. Majirani watie sahihi. Fanya kopi, moja ikae Goma ao Butembo, mbali na mapigano. Kisha anza safari ya sertifika, hata polepole.

Tena akina papa, neno moja kwenu. Barabara inaua. Shoferi akifa, mara nyingi ndugu zake wanafika na kumfukuza mjane, kwa sababu hakuna mtu Kiwanja anayejua sura yake. Mlete mama wa watoto siku ya kununua. Jina lake liandikwe pamoja na lako. Watoto wakae hapo wakati wa likizo, wacheze na watoto wa jirani. Parseli isiyojulikana na familia yako ni parseli ya nani siku ukikosekana?

Na ninyi vijana mlio Kiwanja, Rubaya ao Kolwezi, msimcheke mgeni anayepima parseli karibu na kwenu. Mwulizeni jina, mwonyesheni kisima. Siku moja atahitaji ushuhuda wenu, na siku nyingine ninyi ndio mtakaokuwa wageni mahali pengine.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani: Karatasi za parseli yetu ziko wapi, na nani anajua? Majirani wetu wa pande nne ni akina nani? Tukikimbia leo, nani atasema kwamba pale ni petu?