Mbinga hadi Mbamba Bay: Ziwa Linalopumua Juujuu

Umatengo asubuhi ni ukungu na baridi ya kuvaa sweta. Kabla hujateremka ziwani, simama kwanza utazame mashamba ya ngolo. Wamatengo hufyeka nyasi, wakazilaza mteremkoni kwa miraba, kisha akina mama huzifukia kwa udongo wanaouchimba katikati ya kila mraba. Yanabaki mashimo mlima mzima, ya kuzuia maji ya mvua yasikimbie na rutuba. Ndani ya matuta nyasi zinaoza na kutoa kabonidioksaidi. Juu yake maharage huivuta hewa ya aina hiyo jua likiwaka, yakajengea majani na punje, na sisi tukapata oksijeni. Utaratibu huu una zaidi ya miaka 100, na bado sijaona shamba linalopendeza kuliko hilo.

Kilomita zisizofika 70 za lami, sweta imeshavuliwa, na Ziwa Nyasa hilo hapo.

Nenda kwenye mawe ya Mbamba Bay, maji yalipo maangavu, uiname. Jiwe limevaa ukoga wa kijani. Saa sita mchana utaona vipovu vidogo vimeng'ang'ania ukoga huo kabla ya kuachia: ndiyo oksijeni yenyewe inazaliwa. Samaki wadogo wa buluu na njano, wengi wao hawapatikani ziwa jingine lolote duniani, wanaukwangua kwa meno. Wanavuta oksijeni kwa matamvua, wanaurudishia ukoga kabonidioksaidi. Usiku biashara husimama: ukoga nao huvuta oksijeni tu, hautoi.

Ila uhai huu wote ni wa juujuu. Ziwa lina kina cha mita 700 hivi, na oksijeni huishia kwenye mita 200 na ushei. Huko chini jua halifiki, na maji yake baridi na mazito hayachanganyiki na ya juu. Samaki hawaendi. Viluwiluwi vya visubi wa ziwani hulijua hilo. Mchana huzama hadi mpakani mwa maji hayo kuwakwepa samaki, usiku hupanda kula.

Wakikomaa, visubi hao huruka kwa mamilioni, wingu jeusi kama moshi juu ya maji. Ng'ambo, Malawi, watu huwakusanya wakawafinyanga mikate. Mimi nilijilia dagaa wangu kwa ugali. Wingu likikukuta ufukweni, pumulia puani.