Mashine Isiyojua Upatanisho

Uainishaji nimejifunza mara mbili: darasani, kwa ngeli za nomino, na barabarani, kwa ekseli za magari.

Likizo moja nilipata kibarua cha kuhesabu magari Minjila, karibu na Garsen, pale barabara ya Lamu inapochepuka. Fomu yangu ilikuwa na safu: pikipiki, gari dogo, pikapu, matatu, basi, lori la ekseli mbili, la tatu na kuendelea. Kando yangu wahandisi walikuwa wametandaza mabomba mawili membamba ya mpira kukingama lami. Ekseli ikilikanyaga bomba, hewa husukumwa hadi kisandukuni. Kwa kuwa umbali baina ya mabomba unajulikana, mashine hukokotoa mwendo wa gari na nafasi kati ya ekseli zake, kisha huliweka katika ngeli yake. Mimi nilisinzia adhuhuri, yenyewe haikusinzia.

Nilikiri ubora wake, ila nikakumbuka nomino "kifaru". Atazamaye kiambishi pekee ataipanga pamoja na "kiti". Upatanisho wa kisarufi ndio unaofichua kwamba kifaru amekuja, hakijaja. Mashine ile ilisoma kiambishi tu.

Siku ya tatu ilipita pikapu kutoka kwetu Ndera, imejaa tope hadi madirishani. Nyuma, juu ya magunia ya maembe, alilala binamu yangu, akiwa na uchungu wa uzazi tangu usiku, akikimbizwa Malindi. Mashine iliandika ekseli mbili. Nami niliandika pikapu moja. Fomu haikuwa na safu nyingine. Binamu yangu alipona. Mtoto hakupona.

Hesabu kama hizo huwasaidia wapangaji kuamua barabara ipi itangulie kutiwa lami na kwa unene gani. Magari ya Ndera ni machache kwa kuwa njia ni mbovu. Uchache huohuo waweza kuwa sababu ya njia kubaki mbovu. Mtumbwi uvukao Mto Tana hauna ekseli. Mafuriko ya Novemba 2023 yalipokata barabara za Tana River, chombo kama kile kingesoma sufuri, ilhali watu walikuwa safarini kwa mashua na kwa miguu.

Siikatai mashine, huhesabu vyema kuniliko. Nawaomba tu wasomao takwimu zake waulize swali tulilofunzwa na walimu wetu: nomino hii inapatana na nani?