Maji kwa Lugha ya Mama: Barua kutoka Minneapolis



Katika mji wa Minneapolis, Marekani, ambako Waafrika Mashariki, hasa Wasomali, wameweka makazi kwa wingi, elimu ya awali, yaani malezi na mafunzo anayopewa mtoto kabla ya shule ya msingi, hutanguliwa na swali moja: mtoto akiingia darasani, atamkuta nani anayemwelewa? Swali hilo limejibiwa kwa kanuni. Mpango wa serikali kuu uitwao Head Start, ulioanzishwa mwaka 1965 kwa ajili ya watoto wa familia maskini, unaagiza kwamba pale ambapo watoto walio wengi darasani huzungumza lugha moja, angalau mfanyakazi mmoja wa darasa hilo awe anaizungumza. Tena unavitaka vituo, nafasi za kazi zinapotokea, viwafikirie wazazi ambao watoto wao wanasoma au waliwahi kusoma humo. Kwa njia hiyo, mama aliyezoea kumfikisha mwanawe mlangoni anaweza naye kuingia darasani akiwa mwalimu msaidizi, na mtoto wa miaka minne akisema "biyo", neno la Kisomali la maji, hupewa maji kabla hajaanza kulia.

Jambo hilo lina uzito kwa Thika na Ruiru, miji ya Kaunti ya Kiambu nchini Kenya, kwa kuwa imekuzwa na wahamiaji. Viwanda na mashamba ya mananasi ya Thika, pamoja na mashamba ya kahawa ya Ruiru, yaliwavuta wafanyakazi kutoka pande nyingi za Kenya, kisha barabara kuu ya Thika, ilipopanuliwa na kukamilika mwaka 2012, ikaharakisha ujenzi wa nyumba za kupanga. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya 490,000 mjini Ruiru na zaidi ya 250,000 mjini Thika. Katika ploti moja ya mtaa wa Makongeni au Githurai, Mkikuyu, Mkamba, Mluo, Mluhya na Mkisii huchota maji kwenye mfereji mmoja, na watoto wao hukaa kwenye mkeka mmoja wa chekechea.

Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi kaunti elimu ya awali, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia wapewe watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa zaidi katika kaunti husika. Sheria hiyo ni njema na inastahili kutekelezwa Kiambu kwa ukamilifu, lakini humhesabu mwajiriwa pekee, ilhali kanuni ya Marekani humtazama mtoto kwanza. Mtoto anayesema "pi", yaani maji kwa Kijaluo, hasaidiwi na asilimia iliyotimizwa katika ofisi iliyo mbali naye. Husaidiwa na mtu aliye karibu naye anayelijua neno hilo.

Huenda ikasemwa kwamba Kiswahili kinatosha. Kiswahili ndicho kiungo cha miji hiyo, na kila mtoto anastahili kukimudu. Hata hivyo, anayekifikia akiwa ameshikwa mkono kwa lugha ya nyumbani hufika bila hofu. Mtoto wa Kikuyu, ambaye ni wa jamii iliyo kubwa zaidi Kiambu, naye hufaidika, kwa sababu anayefunzwa kuimba na kunawa mikono na mwalimu Mluo au Mkamba hujifunza mapema kumpenda na kumheshimu mtu wa jamii nyingine, funzo ambalo Kenya ililihitaji mno baada ya ghasia za uchaguzi za mwaka 2007 na 2008.

Kwa hiyo, inafaa kila chekechea ya umma iandike katika rejista lugha ya nyumbani ya kila mtoto, kaunti izitazame rejista hizo kabla ya kutangaza nafasi za walimu, na akina mama wa mtaa wenye moyo wa ualimu walipiwe mafunzo hadi wapate cheti, maana lugha pekee haimfanyi mtu kuwa mwalimu. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na watoto wa Thika na Ruiru wanastahili kufinyangwa na mikono ya jamii zote zilizoijenga miji yao.