Los Angeles: Meza ya Meksiko na Adabu ya Kuuliza

Mji wa Los Angeles, katika jimbo la California, ulizaliwa ukizungumza Kihispania. Uliasisiwa mwaka 1781 chini ya ufalme wa Hispania, ukawa wa Meksiko nchi hiyo ilipopata uhuru mwaka 1821, kisha ukaingia rasmi mikononi mwa Marekani kwa mkataba wa mwaka 1848. Ndiyo maana mkahawa wa Kimeksiko mjini humo ni jiko la mwenyeji. Katika Mtaa wa Olvera, kwenye chimbuko la mji, kibanda cha Cielito Lindo kimekuwa kikiuza chapati za mahindi zilizokunjwa na kukaangwa tangu mwaka 1934. Mkahawa wa Guelaguetza, uliofunguliwa mwaka 1994, hupika vyakula vya jimbo la Oaxaca, na hasa mole, mchuzi mzito wa pilipili kavu na viungo. Wahamiaji wa El Salvador nao wana pupusa, mkate mnene wa mahindi uliojazwa jibini au maharage.

Sisi watu wa pwani tukiketi kwenye meza hizo, hatukawii kusikia sauti za nyumbani. Sukari kwa Kihispania ni azúcar, na limau ni limón. Maneno hayo yalitoka katika Kiarabu, katika karne zile Waislamu walipotawala Andalusia. Maji ya ukwaju, kiburudisho chetu cha futari, huko huitwa agua de tamarindo, na tamarindo asili yake ni tamr hindi. Wachuuzi wa kando ya njia hukata maembe wakayatia ndimu, chumvi na pilipili, kama wafanyavyo wa kwetu pale Mama Ngina. Wala deni si la upande mmoja, kwani mahindi, mihogo na pilipili tunazozihesabu kuwa zetu zilitoka Bara la Amerika.

Hata hivyo, ujamaa huo usitufanye tusahau tahadhari. Mfano ulio wazi ni taco al pastor. Mpishi husimamisha nyama kwenye chuma kinachozunguka mbele ya moto, akaikata vipande vyembamba. Mtoto wa Mombasa akiiona atasema ni shawarma, na hatakuwa mbali na ukweli, kwa sababu ufundi huo ulipelekwa Meksiko na wahamiaji Waarabu, wengi wao kutoka Lebanon, katika karne ya 20. Lakini nyama ilibadilika njiani: al pastor ya leo kwa kawaida ni nguruwe.

Yaliyofichika ni mengi kuliko yanayoonekana. Maharage yaliyopondwa, yasiyo na kipande cha nyama, mara nyingi hukaangwa kwa manteca, yaani mafuta ya nguruwe. Mafuta hayo hayo huingia katika tamali na katika chapati za ngano. Chapati ya mahindi ni salama zaidi, kwani kwa desturi ni mahindi, maji na chokaa tu. Taco za samaki za mtindo wa Baja California zinapendeza, ila unga wa kukaangia samaki wakati mwingine huchanganywa na bia, na karai moja huweza kutumika kwa vyakula vyote.

Basi familia inayosafiri na ijifunze maswali mawili ya Kihispania: «¿Lleva manteca?», kuna mafuta ya nguruwe? Na «¿Lleva cerveza?», kuna bia? Wapishi hujibu bila kukasirika. Kwa nyama ya ng'ombe na kuku, la kuuliza ni uchinjaji, na kila mmoja afuate mwongozo wa shekhe wake. Asiyepata uhakika ana samaki wa kuchoma, parachichi na nyanya.

Wapo pia waliogeuza swali hilo kuwa ujirani. Mwaka 2016 mfuasi mmoja wa Trump alionya kwamba Marekani itajaa magari ya taco kila pembe ya mtaa. Ramadhani ya mwaka 2017, huko Santa Ana, kiasi cha kilomita 50 kutoka Los Angeles, Rida Hamida na Ben Vazquez walianzisha mpango wa kuleta magari hayo kwenye misikiti. Wapishi wa Kimeksiko walipika taco kwa nyama ya halali, na Waislamu wakafuturu pamoja na majirani wao Walatino. Waliokuwa wakipishana njiani kwa miaka walikula sinia moja, bila yeyote kulegeza dini yake.

Kwa hiyo ndugu zetu wenye safari za huko wasijifungie vyumbani na mikate mikavu kwa hofu, wala wasile kwa kufumba macho. Waingie, wasalimie, waulize, kisha wale kwa Bismillahi.