Daktari Aliyenyamaza Uwanjani

Kila tangazo la usajili wa makurutu linapotoka, wanafunzi wangu huniletea swali lile lile: mdogo wangu amemaliza kidato cha nne, je, Mwalimu, atapita? Mimi huwasomea masharti. Awe raia wa Kenya, umri wa miaka 18 hadi 26, urefu usiopungua mita 1.60, uzani usiopungua kilo 54.55 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke, na awe na afya njema. Masharti manne ya kwanza mtu aweza kujihakikishia kabla hajatoka nyumbani. Hilo la mwisho ndilo huniletea kumbukumbu nisiyoipenda.

Tulipomaliza shule, mimi na binamu yangu tuliamka kabla ya jogoo wa kwanza, tukaenda kwa miguu hadi uwanja wa wilaya, vyeti vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mimi niliondolewa mapema, kwenye mizani. Nilipungukiwa, nikaambiwa nimepungukiwa, nikaenda kuketi chini ya mti bila kinyongo. Binamu yangu alikuwa jabali la mtu. Alipita mizani, akapita kipimo cha urefu, akakimbia na kuwaacha wenzake nyuma, akapanua kinywa meno yakahesabiwa. Kisha akasimama mbele ya daktari. Daktari akamwekea kifaa kifuani, akasikiliza, akakihamisha, akasikiliza tena kwa muda mrefu. Halafu akatamka neno moja: "Toka."

Binamu yangu aliuliza sababu. Askari akamwonyesha lango.

Njiani tukirudi, sababu iliyokosekana tuliijaza wenyewe. Tulisema nafasi ilikuwa imekwisha kununuliwa. Nyumbani wazee walikubaliana nasi. Mmoja hata alijilaumu kwamba hakuuza fahali mapema. Katika nchi ambamo kila usajili huja na onyo dhidi ya hongo, maelezo hayo yalitosha. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba huenda daktari alikuwa amesikia kitu.

Binamu yangu akaenda kuvunja mawe machimboni. Mwaka wa tatu alianza kuhema kila alipopanda kilima, miguu ikavimba, siku moja akaanguka. Hospitalini wakakuta vali ya moyo imeharibika kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Ugonjwa huu huanza na maambukizi ya koo, yale tunayoyatibu nyumbani kwa maji ya chumvi. Koo hupona, lakini kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia moyo. Ukigunduliwa mapema, sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne huzuia homa isirudi kuiharibu vali zaidi. Daktari wa hospitali alimwuliza, "Hakuna aliyewahi kukupima kifua?" Akajibu, "Yupo. Alinifukuza." Alifariki kabla hajatimiza miaka 25.

Jeshi lilikuwa na haki ya kumkataa. Mazoezi ya kikurutu yangaliweza kumuua kabla ya machimbo, na sidai kwamba viwango vishushwe. Lakini kukataa ni jambo moja, kunyamaza ni jingine. Kwa vijana wengi wa vijijini, siku ya usajili ndiyo siku ya kwanza kuchunguzwa na daktari tangu walipopelekwa kliniki migongoni mwa mama zao. Taifa humvua kijana shati, likasikia kilichomo kifuani mwake, kisha likaondoka na siri hiyo. Na mahali palipokosa maelezo, shaka huota mizizi: kijana huichukia serikali yake, asijue kwamba ni mgonjwa.

Wapo waliojifunza kwa waliokataliwa. Katika Vita vya Makaburu, 1899 hadi 1902, Uingereza iligundua kwamba vijana wengi wa miji yake hawakufaa kwa jeshi. Ikaunda kamati iliyotoa ripoti mwaka 1904; sheria ya chakula shuleni ikafuata mwaka 1906, na uchunguzi wa afya ya wanafunzi mwaka 1907. Ilifanya hivyo kwa maslahi ya himaya yake, lakini walau iliwatazama waliokataliwa ikajiona yenyewe.

Sisi tunayo Katiba ya 2010. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Cha 43 kinampa haki ya afya. Ninachoomba ni karatasi moja. Iandikwe sababu, hata ikiwa ni shaka tu, pamoja na hospitali ya kwenda. Apewe kijana mwenyewe, faraghani, wala isitangazwe mbele ya umati. Nitaambiwa kwamba uwanja si zahanati na foleni ni ndefu. Ni kweli. Lakini kuandika mistari miwili hakuchukui muda mrefu kuliko kuusikiliza moyo mara mbili.

Hadi karatasi hiyo itakapokuja, wanafunzi wangu huwapa jibu hili. Mwambie mdogo wako kwamba akiambiwa "toka" akiwa mbele ya daktari, asije moja kwa moja nyumbani kulaumu hongo. Apitie hospitalini kwanza.